Mlezi wa Miaka Kumi na Mitatu

Leo nataka tuzungumze juu ya mlezi mmoja ambaye jina lake halimo katika orodha ya walezi, wala hatumwiti kwenye mikutano ya akina mama.

Twende pamoja mpaka Lorugum, magharibi ya Lodwar, kwenye njia ya kuelekea milima ya Loima. Ni asubuhi. Baba yuko na mifugo, na mama ameondoka na mitungi kwenda kutafuta maji. Je, mtoto mchanga amebaki na nani? Amebaki na dada yake wa miaka kumi na mitatu. Huyo ndiye anayembeba, anayempa maji na kumpangusa kamasi. Mama amefundishwa vizuri kliniki, naam, lakini saa hii mikono inayomshika mtoto si ya mama.

Jambo hili si geni. Kitabu cha Kutoka, sura ya 2, chatueleza habari za mtoto Musa aliyefichwa mtoni ndani ya kisafina. Aliyewekwa kumlinda alikuwa dada yake. Binti Farao alipotokea, msichana yule alijua la kusema, na akalisema kwa wakati wake.

Mwaka 1979, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, daktari wa watoto aitwaye David Morley pamoja na mwalimu Hugh Hawes walianzisha huko London mpango ulioitwa Mtoto kwa Mtoto. Morley alikuwa amefanya kazi Nigeria. Wazo lao lilikuwa jepesi: mfundishe mkubwa jinsi ya kumlinda mdogo, naye aweze pia kuwafundisha wenzake. Tangu hapo njia hiyo imefika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Lakini, ndugu zangu, kijana hafundishwi kwa kukaririshwa. Wengi wetu tumewapanga watoto mstari mbele ya wageni wakaimba kwamba tunawe mikono, na kando yao hapakuwa na tone la maji la kunawia. Huko si kufundisha.

Chukua kibuyu kilichokatwa juu, mdomo wake uwe mpana. Toboa tundu dogo chini, uzibe kwa kijiti. Jaza maji mpaka juu, kisha funika mdomo kwa kitambaa kilicholowa, kiguse maji. Waambie watoto: huyu ni mtoto wetu. Sasa chomoa kijiti. Maji yanatoka, na kitambaa kinabonyea polepole. Usiwaeleze kitu, waulize wameona nini. Yuko mmoja atakayepapasa utosi wa mdogo wake mgongoni, na hapo somo limeingia. Mtoto anayeharisha hafi kwa sababu amekunywa maji mengi, kama wengine wanavyodhani, bali hukaukiwa. Basi wajaze tena kibuyu huku kinavuja, waone ni kazi ya kurudia-rudia.

Kisha kijana ajifunze kuchanganya: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari. Pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki kutoka zahanati ni bora zaidi, zikipatikana. Mtoto akishindwa kunywa, au macho yakiingia ndani, au choo kikiwa na damu, kijana asijifanye daktari. Amwite mtu mzima, na mtoto apelekwe zahanati bila kungoja.

Sasa macho. Turkana ni mojawapo ya sehemu za Kenya zilizoteswa sana na trakoma, ugonjwa ambao wengine huuita vikope. Huenezwa kwa vidole, kwa vitambaa, na kwa nzi wanaotua kwenye matongo ya mtoto. Ukirudia miaka mingi, ukope hujikunja ndani na kope hukwaruza jicho mpaka mtu anapofuka. Kwa hiyo upofu wa nyanya huenda ulianza alipokuwa msichana amebeba mtoto. Dawa ipo, ila uso nao lazima uwe safi. Utafiti uliofanywa Kongwa, Tanzania, na kutangazwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba baada ya dawa watoto waliodumu na nyuso safi hawakupatwa sana na trakoma kali. Huenda utasema, maji yako wapi? Ni kweli, mtu aliyechimba mchanga wa laga kupata maji hapaswi kuhubiriwa juu ya kuoga. Lakini uso wa mtoto hutaka maji ya kujaza viganja tu, na kibuyu chirizi hayamwagi.

Jambo la tatu ni zito, maana lagusa desturi. Turkana imejulikana ulimwenguni kwa uvimbe wa maji unaotokana na tegu wa mbwa, na mwaka 1983 AMREF walianza kazi ya kuupunguza huko. Mayai ya tegu hutoka katika mavi ya mbwa, hunata kwenye manyoya yake, na mtoto huyameza. Baada ya miaka, mifuko ya maji huota ndani ya ini au mapafu, na huenda ikahitaji kupasuliwa. Pale maji yalipo mbali, mbwa ameachiwa kumlamba mtoto awe safi. Hapa nawataka wavulana, maana ndio wanaotembea na mbwa na ndio wanaochinja mbuzi. Ini au pafu lenye mifuko ya maji lisitupiwe mbwa. Lichomwe, au lifukiwe kwa kina.

Je, msichana amwambie nini nyanya yake? Akimwambia, “Nyanya, unakosea,” ameharibu. Kumbuka kijakazi wa mke wa Naamani, katika 2 Wafalme sura ya 5. Alikuwa mateka na mdogo, naye hakumkaripia mtu. Alitaja tu mahali pa kupata msaada. Basi msichana na aombe, “Nyanya, niachie mimi nimsafishe leo,” amchukue mtoto, na maji kidogo ayatafute mwenyewe.

Walimu wa shule ya Jumapili, msichana huyu asiachishwe masomo kwa sababu ya kazi hii. Anatosha kuifanya pale alipo tayari na mtoto. Jumapili ijayo njoni na kibuyu kimoja, kijiti na kitambaa. Kwaherini.