Mtambo wa kubaini uongo hupima hofu, wala si ukweli

MTU akiibiwa mbuzi huko Kotile, kando ya Mto Tana katika Kaunti ya Garissa, na mshukiwa akakana, Waislamu wa huko wanaijua kanuni ya sheria yao: anayedai alete ushahidi, anayekana aape. Kiapo kina uzito kwa kuwa anayeapa anamcha Mungu. Asiyemcha huapa akaenda zake.

Udhaifu uo huo umo katika mtambo wa kubaini uongo, uitwao poligrafu. Katika hotuba yake ya Sikukuu ya Madaraka, Juni 1, 2018, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza wakuu wa ununuzi na uhasibu serikalini wachunguzwe upya, hata kwa mtambo huo, ili kukabiliana na ufisadi.

Je, mtumishi mwaminifu angesalimika?

Mtambo huo, uliobuniwa mwaka 1921 na John Larson, polisi wa Berkeley, California, hausomi mawazo. Hunakili pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na jasho la vidole. Mpimaji huuliza maswali ya kulinganishia, mathalani iwapo mtu amewahi kumdanganya aliyemwamini, kisha huuliza kuhusu kosa lenyewe. Mwili ukishtuka zaidi katika swali la kosa, mhusika huhesabiwa mwongo.

Hata hivyo, jasho la mwizi halitofautiani na jasho la mtu mwema anayechelea kufutwa kazi.

Wapo wanaojaribu kuuhadaa mtambo kwa kujishtua makusudi katika maswali ya kulinganishia: hujiuma ulimi, hukandamiza vidole vya miguu sakafuni au hupiga hesabu ngumu akilini. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba waliofunzwa hila hizo wanaweza kupunguza usahihi wa kipimo, ingawa wapimaji nao huweka vinasa mtikisiko kitini. Nchini Marekani, wakufunzi wawili wa hila hizo walihukumiwa kifungo, mmoja mwaka 2013, mwingine 2015.

Wengine hawahitaji hila yoyote. Aldrich Ames, afisa wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, aliyewauzia Warusi siri, alifaulu vipimo vya 1986 na 1991. Alikamatwa mwaka 1994.

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti yake mwaka 2002. Lilikiri kuwa katika uchunguzi wa tukio mahsusi kipimo hicho hushinda kubahatisha, lakini kiko mbali na ukamilifu. Kwa kuwachuja wafanyakazi kwa jumla, lilitoa mfano wa watu 10,000 wenye majasusi 10 miongoni mwao: ili kuwanasa majasusi wanane, takriban watu 1,600 wasio na hatia wangeshukiwa pia.

Marekani yenyewe, kwa sheria ya 1988, iliwazuia waajiri wengi wa kibinafsi kuwapima wafanyakazi wao. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kunyamaza na ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani (Kifungu cha 50), na kila mtu haki ya kutendewa haki kazini (Kifungu cha 41).

Mwizi wa fedha za umma huacha nyayo katika zabuni, stakabadhi na akaunti za benki. Huko ndiko anayedai anapaswa kuanzia, kama ilivyo kwa mbuzi wa Kotile: ushahidi kwanza.