Kutumika jeshini kwa lazima: sheria inasema nini, na sisi wenye lisanse tujibu nini?



Tangu Goma ianguke Januari 2025, na Bukavu kufuata mwezi wa pili, kuna neno moja linarudiaka kila pahali watu wenye masomo wanakutana: Leta ilazimishe vijana wote kutumika jeshini. Mukubwa mmoja anasema ndiyo njia pekee ya kuokoa inchi. Kijana anamujibu: "Aanze na watoto wa bakubwa!" Kisha watu wanachekaka, wanaachia pale. Ndogo yangu, aliyemaliza sekondari mwaka huu, hakuachia pale. Yeye anataka kwenda kujiandikisha, na mama hamusemeshi leo siku ya tatu. Ndiyo sababu nimeandika.

Tuanze na sheria, juu wengi wanaisemea bila kuisoma. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 63, ina maneno mawili. La kwanza: kila Mukongomani ana haki na wajibu mutakatifu wa kulinda inchi ikishambuliwa kutoka inje. La pili: kutumika jeshini kwa lazima kunaweza kuanzishwa, kwa namna sheria itakavyopanga. Angalia vizuri: "kunaweza". Katiba imefungua mulango, haijaingiza mutu ndani. Bila sheria ya kusema nani anaenda, kwa muda gani, nani anaachwa na juu ya nini, hakuna mutu wa kukukamata barabarani na kusema ni Katiba ndiyo imemutuma. Na kifungu cha 190 kinakataza kabisa mutu kujipangia kundi lake la vijana wenye silaha. Ni uhaini mukubwa. Jeshi la akiba, lile lililopata sheria yake 2023, nalo ni kitu kingine: ni la wenye kujitolea.

Wengine wanachanganya pia na Service National ya Kanyama-Kasese. Ile ilianzishwa 1997, wakati wa Muzee Laurent-Désiré Kabila. Iko chini ya amri ya basoda, lakini kazi yake kubwa ni shamba, na kule ndiko walipeleka vijana wa kuluna kutoka Kinshasa. Miye ni mutu wa agronomi, siwezi kupita pale bila kusema kitu. Mahindi ya kule yamefika Lubumbashi na Mbuji-Mayi, na siku unga inapanda bei hakuna mutu anayeuliza nani alilima. Ni vizuri. Ila mikono mingi haitoshi kuleta mavuno. Udongo wetu wa Katanga una tindikali. Kama hujaweka chokaa, hujapata mbegu nzuri na mbolea kwa wakati wake, unaweza kuongeza watu mara tatu na bado ukavuna masuke ya kidole. Na ukivuna vizuri bila kukausha wala barabara ya kupitishia magunia, ni fukusi ndio watakula. Jeshi nalo naliona vile. Kama musoda aliye mbele leo anakosa chakula na musharaha unachelewa, kumuongezea wenzake elfu mia moja ni kuzidisha mbegu katika udongo uleule.

Halafu, tunaposema lazima "irudi", irudi kutoka wapi? Wakati wa Léopold II, machifu walilazimishwa kutoa vijana kwa Force Publique, na mara nyingi walitoa watumwa na wale wasiokuwa na mutu wa kuwatetea. Kisha kuna ile ya 1971. Tarehe 4 Juni 1969 jeshi lilikuwa limewapiga risasi wanafunzi kule Kinshasa. Miaka 2 baadaye, wanafunzi wa Lovanium walipotaka kukumbuka wafu wao, Mobutu alifunga iniversite na kuwaingiza jeshini kwa nguvu. Kwa wazee wetu waliosoma wakati ule, jeshi la lazima lilikuwa fimbo. Musishangae wakinyamaza mukianza mubishano huu mbele yao.

Jirani zetu Watanzania walipita njia yao. 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kukataa kwenda JKT kwa lazima, na Nyerere akafukuza karibu 400. Mpango uliendelea, ukasimamishwa 1994, ukarudi 2013 kwa wenye kumaliza kidato cha sita. Lakini kule wanajua nani amemaliza na ana miaka mingapi. Eritrea sheria inasema miezi 18. Tangu vita ya 1998 kuna watu wamezeekea ndani.

Kwetu, hesabu ya mwisho ya watu ilifanyika 1984. Miye sikuwa nimezaliwa, na pengine wewe pia. Watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na karte ya uchaguzi ndiyo tunatembea nayo kama kitambulisho. Sasa nani ataandika orodha ya wenye kutimiza miaka 18? Mwenye baba mukubwa atapata karatasi ya daktari au nafasi ya masomo Ulaya, na orodha itajazwa na watoto wa wauza makala. Ubaya zaidi: 2012 serikali yetu iliweka sahihi na Umoja wa Mataifa ili kuondoa watoto jeshini. Ukilazimisha watu bila kujua umri wao, unawarudisha kwa mulango wa nyuma.

Kwa hiyo miye nasema hapana kwa sasa. Wahesabu watu kwanza, walipe na kulisha walioko, ndipo walete sheria bungeni tuisome. Najua wenzetu wenye familia Goma wataniuliza: adui atangoja hesabu? Hatangoja. Ndiyo maana siwezi kumwambia ndogo yangu kwamba kutaka kulinda inchi ni ujinga.

Ila karte yake ya 2023 inasema alizaliwa 2005. Alijiongezea miaka 3 ili aipate, kama wengi wa rika lake. Mama, aliyemuzaa, anajua ni 2008. Jumapili tutakaa watatu, na karte ile itakuwa juu ya meza.