Simu za jina moja si lazima ziwe pacha

Ukisimama kwenye duka lolote la simu mjini Mombasa utasikia wanunuzi wakiuliza kamera, GB na bei. Ni nadra kusikia mtu akiuliza simu ilitengenezwa lini. Kwangu mimi hilo lingekuwa miongoni mwa maswali ya mwanzo, hasa kwa hizi simu za mtumba zinazotujia kupitia Dubai, ambapo zilizotoka kiwandani mwanzo na zilizotoka mwisho huchanganywa kwenye rundo moja na kuuzwa kwa bei moja.

Wengi wetu huamini kwamba simu zenye jina moja ni sawa ndani na nje. Sivyo. Kiwanda hutoa fungu la kwanza kwa haraka ili liwahi siku ya uzinduzi, kisha huendelea kutengeneza simu hiyo hiyo kwa mwaka mzima au zaidi. Katika muda huo zile mbovu hurudishwa, zikafunguliwa, ikaonekana kilichovunjika. Basi gundi hubadilishwa, kipande fulani huongezwa unene, au betri hununuliwa kwa mtengenezaji mwingine. Jina kwenye boksi hubaki lile lile, na mara nyingi mnunuzi haambiwi lolote.

Chukua iPhone 6 na ndugu yake 6 Plus, zilizotoka Septemba 2014. Haukupita muda watu wakaanza kulalamika kwamba zinapinda mfukoni. Kupinda kwenyewe kulikuwa aibu tu. Hasara ilikuwa ndani. Chipu inayosimamia mguso wa kioo hushikiliwa kwenye bodi na vitone vidogo vya lehemu. Simu ikijikunja kidogo kila siku, vile vitone hupata nyufa. Baadaye mwenye simu huona mstari wa kijivu ukichezacheza juu ya kioo, halafu kioo hakisikii kidole tena. Fundi akibadilisha kioo, wiki mbili baadaye ugonjwa ni ule ule, kwa sababu kioo hakikuwa na kosa.

Nyaraka za mahakama nchini Marekani zilizojulikana mwaka 2018 zilionyesha kwamba majaribio ya Apple yenyewe yalikuta iPhone 6 ina uwezekano wa kupinda mara 3.3 zaidi ya iPhone 5s, na 6 Plus mara 7.2. Nyaraka hizo hizo zikaonyesha kwamba kampuni ilianza kumimina gundi ngumu chini ya ile chipu Mei 2016, yaani miezi 20 baada ya uzinduzi. Kwa hiyo ziko iPhone 6 zisizo na gundi na ziko zenye gundi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Ila kuna alama moja. Mwaka 2014 simu hiyo ilitoka ikiwa na GB 16, 64 au 128. Ile ya GB 32 ilikuja 2017, katika masoko machache. Ukiikuta ya GB 32, na bodi iwe ni yake ya asili, ujue ilitengenezwa baada ya marekebisho. Muuzaji atakwambia ya 64 ni bora kwa sababu nafasi ni kubwa. Mimi ningechukua ya 32.

Zipo kasoro za fungu moja dogo tu. iPhone 6s ilianza kuuzwa mwishoni mwa Septemba 2015, na baadhi zikawa zinazima ghafla hali chaji bado ipo. Apple ilieleza kwamba simu chache zilizotengenezwa Septemba na Oktoba 2015 zilikuwa na kipande cha betri kilichokaa kwenye hewa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kabla ya kuunganishwa. Walibadilishiwa betri bure waliokuwa na nambari za mfululizo za fungu hilo. Aliyenunua ya miezi ya baadaye hakuhusika.

Hapo mtu atasema basi dawa ni kungoja fungu la pili. Mara nyingi ni kweli, na mimi huwashauri jamaa wasubiri miezi mitatu minne. Lakini Galaxy Note 7 ya Samsung inatutia adabu kidogo. Iliingia sokoni Agosti 2016, na ilipofika tarehe 2 Septemba kampuni ikatangaza kuzirudisha kwa sababu betri zilikuwa zinashika moto. Wateja wakapewa nyingine zenye betri za mtengenezaji wa pili. Nazo zikawaka. Uchunguzi uliotolewa Januari 2017 ulikuta kasoro mbili tofauti: betri za kwanza zilibanwa kwenye kona ya juu hadi ndani yake zikapinda, na za pili zilikuwa na ncha kali za kuchomelea zilizotoboa kizuizi cha ndani, nyingine hata utepe wa kuhami hazikuwa nao. Fungu la pili lililotengenezwa kwa pupa halikuwa salama kuliko la kwanza. Ni Julai 2017 tu, huko Korea, simu hiyo ilipouzwa upya na betri ndogo zaidi, 3,200 badala ya 3,500.

Ukienda dukani, piga *#06# mbele ya muuzaji na ulinganishe nambari itakayotokea na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, boksi hilo ni la simu nyingine na tarehe yake haikufai kitu. Zikilingana, tazama karatasi iliyobandikwa kwenye boksi, kwani baadhi huandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kisha itafute simu hiyo kwenye intaneti uone wanunuzi wa miezi ya kwanza walilalamikia nini. Kama malalamiko ni ya betri na simu yako ni ya miezi hiyo, iache hata ukipunguziwa nusu ya bei.