Kanga Darasani

Kanga ikitandikwa kwenye sakafu ya darasa, pindo huzunguka pande zote nne, mji ukakaa katikati, na chini ya mji likasomeka jina, yaani maneno ya kanga. Wanafunzi wa Gredi ya 5 wakiikunja kati kwa kati, ua hulala juu ya ua na korosho juu ya korosho. Jina peke yake halipati mwenzake. Mtoto aliyeona hilo kwa macho yake ameshaelewa ulinganifu ni nini, na wapi unavunjika.

Hapo hisabati haijaisha. Rula inatoka, mzingo unapimwa, eneo la mji linatolewa katika eneo la kanga nzima. Kisha Kiswahili kinaingia: jina lile ni methali, fumbo au kijembe? Linamlenga nani?

Sanaa ya namna hii, inayobeba masomo mengine mgongoni, ndiyo inayohitajika katika shule za umma za Kenya. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki na sanaa vilikuwamo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viliondolewa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kisichotahiniwa kikakosa mwenyewe. Kwenye ratiba kiliandikwa kipindi cha muziki. Ubaoni yakafanywa marudio ya hisabati.

Nje ya ratiba, Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limelea waimbaji na wachezaji ngoma kizazi baada ya kizazi. Lakini jukwaani hupanda waliochaguliwa. Mtoto asiye na sauti ya kwaya hubaki akipiga makofi.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeirudisha sanaa kwenye ratiba ya kila mtoto. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na katika sekondari ya juu Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu.

Ratiba pekee haitoshi. Wazazi wengi wamelalamika, na wana haki, kwamba kazi za mikono zimegeuka orodha ya manunuzi: manila, gundi, rangi, usiku dukani na mtoto analia. Mwalimu naye mara nyingi ana darasa lililofurika, na huenda hakufundishwa muziki chuoni. Anahitaji mafunzo kazini, na ruhusa ya kutumia kilichopo: kayamba, ukili, udongo wa mfinyanzi, hadithi ya bibi.

Kanga ni miongoni mwa vilivyopo. Somo likiisha inakunjwa na kurudi nyumbani kwa mama. Kila mwanafunzi hubaki na karatasi ya miraba, achore pindo lenye ulinganifu, ajaze mji, atunge jina lake mwenyewe. Mwalimu husahihisha ukurasa huo mmoja mara tatu: kwa hisabati, kwa Kiswahili na kwa sanaa.