Tumbaku ya Jamestown

Ndugu Wanachama,

Kila msimu swali halikosi barazani: kwa nini karafuu zenye makonyo zikataliwe, na hali mkulima amezitolea jasho? Safari hii napenda kuwahadithia wakulima wa mbali waliogombana juu ya jambo kama hilo. Nao ni Waingereza waliojenga mji wa Jamestown, katika Virginia, Marekani.

Mwezi wa Mei 1607 watu 104, wanaume na wavulana, waliteremka ukingoni mwa Mto James. Walipelekwa na Kampuni ya Virginia ya London, wakitumai dhahabu. Dhahabu hawakuipata, walipata homa na njaa. Mahindi walipewa au waliuziwa na wenyeji, Wapowhatan, na mara nyingine waliyanyang'anya. Vita vilipozuka, chakula kikakatika. Baada ya majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 walisalia mjini watu kama 60 tu.

Kiasi cha mwaka 1612 Bwana John Rolfe akajaribu mbegu ya tumbaku ya visiwa vya Karibi, maana ile ya kienyeji ilikuwa kali mno. Ikakubali. Mwaka 1616 mkuu wao, Sir Thomas Dale, aliamuru kwamba hapana ruhusa kupanda tumbaku ila kwa aliyelima kwanza eka mbili za mahindi. Lakini Gavana Samuel Argall alipofika 1617 aliikuta tumbaku imepandwa njiani na hata sokoni! Mwaka huo zilisafirishwa ratili 20,000.

Mwaka 1619 baraza la wajumbe lilikutana kanisani, likapanga bei: daraja la kwanza shilingi 3 kwa ratili, la pili peni 18. Isiyofaa ichomwe moto mbele ya mwenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo ikatia nanga Virginia merikebu yenye watu 20 na zaidi waliotekwa Angola, nao wakatolewa kwa kubadilishana na chakula. Hapo ikaanza dhuluma ya utumwa iliyodumu huko zaidi ya miaka 200.

Sheria ilikuwapo, lakini tamaa ilishinda. Kila mtu alizidi kupanda, na wengine wakachanganya takataka. Kufikia 1630 ratili moja haikutimiza hata peni moja.

Mwaka 1730, zamani za Gavana William Gooch, ikatungwa sheria kwamba kila pipa likaguliwe ghalani kabla ya kupakiwa. Wakulima wengine walighadhibika, hata maghala kadhaa yakatiwa moto. Lakini hati ya mkaguzi ikaaminiwa, ikapokewa kama fedha. Jirani zao wa Maryland, walipoona tumbaku ya Virginia yapata bei kupita yao, wakaiga sheria hiyo mwaka 1747.

Wazee wamesema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakulima wa Virginia walichukua zaidi ya miaka 100 kulikubali neno hilo. Sisi tusikawie kiasi hicho.

Wasalaam,
Katibu