Kunyoa Ijumaa, Kuwashwa Jumanne

Swali limetoka Suji, kule juu ya Makanya kwenye milima ya Upare, wilayani Same. Kwa nini mtu anayenyoa ndevu kwa wembe kila Ijumaa mchana, ili jua litue na Sabato imkute nadhifu, anafika Jumanne shingo imejaa vipele vinavyowasha, ilhali mashavu hayana neno? Waadventista wako Upare tangu 1903, na kwa kaya nyingi za Suji maandalio ya Ijumaa ni sehemu ya wiki kama ilivyo siku ya soko. Wanaouliza habari za vipele kwa kawaida hulaumu wembe, sabuni au “damu chafu”. Huyu ametaja siku, na kwa kufanya hivyo amekaribia jibu kuliko wengi. Shingo haiumizwi hasa na uchafu, wala na ubaya wa sabuni. Inaumizwa kwa kunyolewa chini mno, kisha ndevu kuachwa ziote kwa muda usiofaa kabisa. Ijumaa hadi Ijumaa ni ratiba inayoyaleta makosa yote mawili kwa wakati mmoja.

Habari za tabaka za ngozi tuwaachie wanafunzi wa baiolojia. Linalohitajika hapa ni umbo la tundu ambamo udevu unaota. Kwa mtu mwenye nywele za kipilipili tundu hilo halikunyooka. Limepinda tangu chini kwenye mzizi, na udevu unatoka ukiwa tayari na nia ya kujikunja. Shavuni unatoka umesimama kiasi. Shingoni unatoka karibu umelala, na ndevu hazielekei upande mmoja: chini ya taya zinashuka, karibu na koromeo zinapanda, pembeni zinazunguka. Ngozi yenyewe ya shingo ni legevu na inafuata wembe unakokwenda. Kuna pia suala la kurithi. Mwaka 2004 watafiti walichapisha ushahidi kwamba badiliko dogo katika protini moja ya keratini, kwenye tabaka linaloushikilia udevu ndani ya tundu lake, huongeza uwezekano wa kupata vipele hivi takribani mara 6. Kwa hiyo wanaume wawili wanaweza kutumia wembe wa aina moja, maji ya bomba moja na sabuni moja, mmoja akatoka salama na mwenzake akaumia. Usafi haukuwatofautisha hata kidogo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wembe unapougusa udevu hauukati papo hapo. Kwanza unaung’ang’ania na kuuvuta, na udevu unachomoza kidogo kutoka kwenye tundu lake. Nyama inayouzunguka inanyumbuka, lakini ina majimaji ndani, hivyo ikivutwa hairudi mara moja. Inarudi kwa kusitasita. Wahandisi huita tabia hiyo histeresisi. Hapa tuseme mchelewo, maana “ucheleweshaji” ungemtafuta mtu wa kulaumiwa, na hapa hakuna mtu, kuna ngozi tu. Mashine za nyembe mbili, zilizoingia sokoni mwaka 1971 kwa jina la Trac II la kampuni ya Gillette, zinafaidika na mchelewo huo. Ili kuona kinachotokea, fikiria shamba baada ya mvua za vuli na kuku wawili wanaofuatana. Wa kwanza anamdaka nyungunyungu kichwa na kumvuta. Nyungunyungu ananyooka, anatokeza juu ya udongo sehemu ambayo kwa hiari yake asingeitoa. Kabla hajaachiwa akarudi, kuku wa pili anafika na kumkata chini zaidi, usawa wa udongo. Kilichobaki kinateleza na kuzama shimoni. Pitisha kiganja juu ya shamba hilo: laini, hakuna kitu. Ongeza kuku wa tatu, wa nne na wa tano, na shamba linazidi kuwa laini kwa sababu mkato unazidi kwenda chini. Lakini nyungunyungu hajaisha, yuko shimoni na atapanda tena. Sasa mpe ncha kali ya mshazari aliyoachiwa na mkato, na mpe shimo lililopinda. Anapopanda hafuati kona; anakwenda alikoelekea, anatoboa ukuta wa shimo na kuingia kwenye udongo wa pembeni. Mwenye wembe wa kawaida wa pande mbili asidhani kuku hawa si wake. Akiikaza ngozi ya shingo kwa vidole, kisha akanyoa kinyume cha uotaji wa ndevu, vidole vimeshafanya kazi ya kuku wa kwanza. Akiiachia ngozi, udevu unazama vilevile.

Huo ndio mlango wa kwanza wa vipele: udevu unaojeruhi ngozi kabla haujatoka nje. Mlango wa pili uko juu ya ngozi. Udevu uliotoka salama unaendelea kurefuka, unajikunja kufuata umbo lake, na ukishafika milimita 2 hivi ncha yake inaweza kuigusa ngozi ya jirani na kuizamia. Madaktari wa ngozi Strauss na Kligman walieleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1956, na tangu hapo haijabishaniwa sana kwamba mwanzo wake si vijidudu. Mwili unaukuta udevu mahali usipostahili kuwa, unauchukulia kuwa mgeni, unaushambulia, na kipele kinavimba. Sasa tupige hesabu. Ndevu hukua takribani milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku. Aliyenyoa Ijumaa hadi chini ya ngozi anaupitisha udevu kwenye mlango wa kwanza kati ya Jumamosi na Jumapili. Zile zilizopona huko zinaikaribia milimita moja na nusu ifikapo Jumanne, na kabla wiki haijaisha zina milimita 2 na zaidi, urefu ule ule unaofungua mlango wa pili. Ijumaa inayofuata wembe unapita juu ya vipele, unavikata vichwa, na kazi inaanza upya. Zikiachwa kabisa zikafika kama sentimita moja, nyingi hujinasua zenyewe, kwa sababu kitanzi cha udevu mrefu kina nguvu ya kujinyoosha na kuing’oa ncha iliyozama. Ndiyo maana mwenye kufuga ndevu kwa wiki tatu au nne huona shingo ikipoa bila dawa yoyote.

Wapo watakaosema kwamba spiriti na shabu za kinyozi zinatosha, maana zikipakwa mtu hupata nafuu. Nafuu ni ya kweli lakini ni ya jambo jingine. Spiriti huua vijidudu kwenye michubuko. Shabu huikaza ngozi na kuzuia damu ya mkwaruzo mdogo. Hakuna kati ya hizo inayoweza kuuambia udevu uliozama ugeuze njia, na spiriti inaikausha ngozi ambayo tayari imeudhika. Wengine watasema kosa ni wembe butu. Ni kweli wembe butu huvuta zaidi, na wembe hubutuka upesi kuliko tunavyodhani: mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba unywele, ulio laini kuliko chuma cha wembe kwa takribani mara 50, huweza kuumegua ukingo wake unapopinda wakati wa kukatwa. Basi badilisha wembe mapema. Lakini wembe mpya ukiutumia kunyoa chini zaidi, umeondoa mkwaruzo na kuongeza kipele.

Pingamizi zito ni la tatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwa wanaume wenye asili ya Afrika nchini Marekani, uliodumu wiki 12, haukuona kwamba wanaonyoa kila siku wanapata vipele zaidi kuliko wanaonyoa mara mbili au tatu kwa wiki. Je, hilo halibomoi hoja yote? Tukiikumbuka milango miwili, linaijenga. Anayenyoa kila siku haruhusu udevu ufikie urefu wa kujikunja, hivyo mlango wa pili umefungwa. Na ule uliochomoza ukutani unakatwa kabla haujaenda mbali. Kwa hoja hiyo, wanaoumia zaidi ni wa katikati, wanaonyoa chini sana na kwa nadra. Hili si jambo dogo kwa wanaolazimika kuonekana na kidevu kisafi kazini. Mwaka 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliagiza kwamba askari mwenye ruhusa ya kutonyoa kwa sababu ya vipele hivi awekwe kwenye mpango wa matibabu, na akiendelea kuihitaji ruhusa hiyo baada ya zaidi ya mwaka mmoja, afikiriwe kuondolewa jeshini. Mkazo kwenye ngozi laini kabisa unageuka adhabu kwa wenye tundu lililopinda, wakati ngozi yenye ndevu za nusu milimita ingekuwa nadhifu vya kutosha kwa macho ya binadamu.

Maji nayo yana sehemu yake, na hapa mtu wa Suji amebahatika. Udevu mkavu ni mgumu. Ukilowa kwa dakika mbili au tatu unanyonya maji hadi karibu theluthi ya uzito wake, vifungo vya haidrojeni ndani ya keratini vinalegea, na nguvu inayohitajika kuukata hupungua kwa zaidi ya nusu. Wembe unaokata kwa urahisi hauhitaji kuvuta, na pasipo kuvuta kuku wa kwanza hana kazi. Povu lipo ili kuyashikilia maji hayo yasikauke na kuuacha wembe uteleze. Maji ya vijito vya mlimani, yanayotoka kwenye miamba migumu isiyoyeyuka upesi, kwa kawaida hubeba madini machache na sabuni hutoa povu zito. Bondeni Makanya kunachimbwa jasi, nayo ni chumvi ya kalisi. Maji yaliyopita kwenye udongo wa jasi huikamata sabuni na kuigeuza utando mweupe unaoganda kwenye beseni, na kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu ugumu wa jasi hauondoki kwa moto. Huko ni afadhali kutumia maji ya mvua. Suji kinachokosekana ni joto tu, hasa Juni na Julai. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, kikakaa shingoni dakika tatu, kinatosha.

Mwulizaji basi aendelee na Ijumaa yake, abadilishe namna. Kwanza apapase shingo kwa ncha ya kidole kavu: upande unaoteleza ndio ndevu zinakoelekea, upande unaochoma ndio zinakotoka, na kila eneo lina mwelekeo wake. Wembe uwe mmoja, upite kulekule ndevu zinakoelekea, bila kukaza ngozi na bila kukandamiza, mara moja, mbili zikizidi. Jumanne apite tena kwa wepesi uleule, ili udevu usiwahi kufika milimita 2. Asiyetaka wembe atumie mashine ya saluni, inayoacha sehemu ndogo ya milimita juu ya ngozi. Udevu uliokwisha kuzama uinuliwe kwa sindano iliyosafishwa na using’olewe, kwa kuwa uking’olewa unaota upya kutoka chini kabisa, penye mlango wa kwanza. Wembe ni wa mtu mmoja. Mwenye usaha, kisukari au makovu yanayovimba aende zahanati. Na kinyozi akitaka kupitisha mara ya tatu kinyume cha ndevu ili shingo iwe laini kabisa, aambiwe aache: ile nusu milimita anayotaka kuiondoa ndiyo inayoizuia ncha ya udevu isizame.