Kabla ya Kukagua Kuta, Mkague Muuzaji

Anayetafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam hugonga kuta, hufungua mabomba na kutazama kama dari ina madoa ya maji. Afanye hivyo, ila ufa huzibika na bomba hubadilishwa. Kinachompotezea mtu nyumba nzima ni kununua kwa asiye na mamlaka ya kuuza. Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake; tulicho nacho ni haki ya kuimiliki na kuitumia. Hiyo ndiyo unayoinunua, pamoja na kilichojengwa juu yake, na muuzaji hawezi kukuhamishia haki asiyokuwa nayo.

Balaa mara nyingi hutoka ndani ya familia ya muuzaji. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Akiiuza kwa siri, mnunuzi anaweza kuipokea nyumba pamoja na haki ya yule mwenzi kuendelea kuishi humo. Basi dai ridhaa ya maandishi. Muuzaji akisema hana ndoa, aape mbele ya wakili. Kwenye mirathi, mtoto mkubwa hawi mwenye nyumba kwa sababu tu ameikalia tangu baba yake afariki. Mwenye kuuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo humpendekeza tu. Tena mdai wa ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri, kwa hiyo ukimya wa mwaka wa kwanza usikulaze usingizi.

Wengine watasema nyumba nyingi za uswahilini hazina hati, na mhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa unatosha. Mwenyekiti ni shahidi wa maana, kwani yeye na majirani wanajua nani alijenga, mpaka unapita wapi na nani analalamika. Waulize muuzaji akiwa hayupo. Lakini mhuri wake unaonyesha kwamba mlisaini mbele yake, hauthibitishi kwamba aliyesaini ndiye mwenye mali. Palipo na hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina lililosajiliwa, rehani ya benki na zuio lolote. Ulizia pia hifadhi ya barabara: mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro. Dalali atakuharakisha kwa kudai kuna mteja mwingine. Haraka hiyo ni yake, kwa kuwa kamisheni yake inategemea mauzo. Ukiogopa kuikosa nyumba, toa malipo ya awali kidogo kwa mkataba unaosema yatarudishwa upekuzi ukionyesha kasoro, na muuzaji anayekataa sharti hilo mwachie nyumba yake.